Wawili na Lugha Moja Njiani

Kiangazi cha mwaka 1867 mume na mke waliooana Aden tarehe 30 Mei waliteremka katika bandari ya Marseille. Mume ni Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mke, kwa jina la ubatizo alioupata siku ile ile ya ndoa, ni Emily. Lakini Unguja ilimjua kwa jina la Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mzaliwa wa kasri ya Mtoni mwaka 1844. Walikuwa na mtoto wao wa kiume, aliyezaliwa Aden mwezi wa Disemba uliotangulia. Mbele yao palikuwa na nchi nzima ya Ufaransa ya kuivuka, na bibi huyo hakuwa na Kifaransa. Kijerumani, lugha ya mumewe, alikuja kukisoma baadaye.

Walizungumza kwa lugha gani, basi? Kwa Kiswahili. Mfanyabiashara wa Kizungu aliyekaa Unguja zama zile hakuwa na budi kukijua, na ndicho kilichovuka baina ya nyumba mbili jirani za Mji Mkongwe, ambazo dari ya moja ilitazamana na ya pili. Mengi yameandikwa juu ya mapenzi hayo, juu ya kutoroka usiku wa kuoga mwaka, Agosti 1866, na juu ya manowari ya Kiingereza Highflyer iliyompokea. Lugha iliyoyabeba mapenzi yenyewe haikutazamwa sana, na hilo ni upungufu, kwani huenda Kiswahili hakijapata kusafiri Ulaya kikiwa na mzigo mzito zaidi ya ule.

Msomaji asidhani kuwa Salme alikuwa mgeni wa mchanganyiko wa ndimi. Katika kumbukumbu zake anaieleza Mtoni ya utoto wake: mbele ya baba iliruhusiwa Kiarabu peke yake, lakini akigeuka tu husikika Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi vyote kwa pamoja. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Na ndiye msichana aliyejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, njama ya Barghash ya mwaka 1859 ikamtumia kuwa katibu wake. Mtu aliyeishi kwa maneno namna hiyo alifika Ufaransa akawa hana la kumwambia mchuuzi wala mbebaji mizigo. Kila alilolitaka lilipitia kwa mumewe.

Kiangazi hicho hicho Sultan Abdulaziz wa Uturuki naye alikuwa Ufaransa, kutazama maonyesho makubwa ya Paris. Yeye alizungukwa na mawaziri na wakalimani. Binti wa Sultani wa Unguja alikuwa na mkalimani mmoja.

Mtoto hakufika Ujerumani. Alifariki njiani, katika ardhi ya Ufaransa, hajatimiza mwaka. Kwao Unguja msiba una maneno yake na watu wake: majirani huingia bila ya kuitwa, na mfiwa hapewi nafasi ya kunyamaza peke yake. Huko, mtu pekee aliyeweza kumpa pole kwa lugha anayoifahamu alikuwa ni mfiwa mwenziwe. Kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886 zinaipita safari hiyo kwa haraka mno, na mtoto hatajwi kabisa. Wapo wanaosema aliogopa aibu, kwa vile mimba ilitangulia ndoa. Sababu hiyo ina nguvu, lakini haitoshelezi. Salme aliandika kwa Kijerumani, na kilio kile hakikuliwa kwa Kijerumani.

Hamburg walizaliwa watoto watatu, na kila mmoja alipewa jina la kwao mama kando ya lile la Kizungu: Thawka, Said na Ghuza. Mwezi wa Agosti 1870 Heinrich alifariki kwa ajali ya gari la reli lililokokotwa na farasi. Mjane hajatimiza miaka ishirini na sita, na mtoto mdogo angali wa miezi. Kiswahili cha safari ya Marseille hakikuwa tena na wa kukijibu.

Alirejea Unguja mara mbili, 1885 na 1888, kisha akaishi miaka mingi Beirut, akafariki Jena mwaka 1924. Miongoni mwa karatasi zake palikutwa barua ndefu, zilizokuja kutoka kitabuni kwa Kiingereza mwaka 1993, anazomwandikia rafiki wa kike wa Unguja asiyetajwa jina, akimsimulia baridi, upweke na maisha ya Ulaya. Zote ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo katika Unguja ya siku zile wangeisoma mawakala wa nyumba za biashara za Hamburg tu.