NMC: Kinu Kilichosaga Hela

Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, lilianza 1968 na kazi yake ni kusaga nafaka. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, na wasagaji wakageuka wanunuzi wa mahindi kijiji kwa kijiji. Bei moja nchi nzima! Gunia la Katandala, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar, bei ileile na la jirani wa kinu.

Kwa Mfipa ilikuwa neema, ukweli usemwe. Rukwa ikaingia kwenye mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Ila nauli ya lori nani analipa? Shirika. Shirika linatoa wapi? Linakopa benki. Benki ya nani? Ya serikali. Na bei kapanga nani? Serikali hiyohiyo. Mabosi kibao, mwenye hasara haonekani, huku mkulima Sumbawanga kakaa na magunia anasubiri lori na mvua hiyo inakuja.

Deni likafika mabilioni ya shilingi. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha nini? Ushirika.