Mbwaa ya Wameru: Ni Nani Aliyeifichua

Wapo wasemao kwamba siri ya Mbwaa, kisiwa walikotoka Wameru, ilifichuliwa na Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyechapisha utafiti wake mwaka 1973 akaionyesha kuwa ni Manda, jirani ya Lamu. Dai hilo halisimami. Fadiman aliketi na wazee akaandika walichomwambia; na kabla yake mkuu wa wilaya Lambert, na padri Bernardi aliyeandika juu ya Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, mwaka 1959, walikwisha kuisikia habari hiyo. Sifa ya upelelezi ni ya Koomenjoe, kiongozi wa safari yenyewe.

Wazee wanasimulia kwamba Nguuntune, watu wa nguo nyekundu, waliwatumikisha babu zetu na kuwapa mafumbo ambayo asiyeyafumbua angekufa. Wakatakiwa kiatu chenye manyoya juu na chini. Koomenjoe akachunguza ng'ombe, akaona ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali ina manyoya pande zote mbili. Wakatakiwa mbwa mwenye pembe. Akabandikwa pembe za paa. Huo ndio upelelezi, kukitazama kilicho mbele ya macho ya wote na kuona wasichokiona. Walipotakiwa mkuki wa kufika mbinguni, akatambua kuwa kinachotafutwa ni roho zao, wakatoroka. Bahari ikagawanyika kwa fimbo. Waliovuka usiku ni Njiru, weusi. Alfajiri Ntune, wekundu. Mchana Njeru, weupe.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba hiki ni kisa cha Musa kilicholetwa na wamisionari. Basi wamisionari waliitoa wapi ngozi ya fahali, au mbwa mwenye pembe? Na koo za rangi tatu si hadithi ya kanisani: ni nasaba ambayo mtu huzaliwa nayo. Tena kati ya Manda na bara upo mkondo wa Mkanda, ambao zamani maji yalipokupwa vyombo vilingoja yajae ndipo vipite. Anayeijua pwani hatashangaa kusikia bahari ilipisha watu usiku ikawafunga wengine hadi kukicha. Fadiman alistahili shukrani kwa kuyalinganisha maneno na ramani, lakini maneno aliyakuta yametunzwa. Mwenye shaka aende Nchiru, kwenye nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, amwulize mzee yeyote ukoo wake ulivuka saa ngapi.