Ngoma Inayompokea Asiyebobea: Bigwala, Kadodi na Igizo la Muziki la Wanafunzi wa Jinja na Mbale

Utangulizi

Mwalimu wa Jinja au Mbale anayekabidhiwa igizo la muziki lililosheheni ngoma hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: afanye nini na wanafunzi wasiojua kucheza? Mazoea yamempa majibu mawili. Ama awafiche safu ya nyuma, ama awanoe wiki baada ya wiki mpaka viungo vya wote vifanane. Makala haya yanadai kwamba majibu hayo yanakosea mahali pamoja: yote mawili yanaichukulia ngoma kuwa ni jumla ya umahiri wa mtu mmoja mmoja. Bigwala ya Busoga, eneo la Jinja, na kadodi ya Bugisu, eneo la Mbale, zimejengwa juu ya kanuni nyingine, na kanuni hiyo inalifaa jukwaa la wanafunzi kuliko ile iliyozoeleka.

Mashindano na safu iliyonyooka

Kwa miongo mingi ngoma katika shule za Uganda imelelewa na matamasha ya muziki, ngoma na maigizo, ambamo shule hupanda ngazi hadi ya taifa mbele ya waamuzi wenye karatasi za alama. Matamasha hayo yamefanya kazi kubwa. Yamempa mtoto wa Mbale nafasi ya kucheza tamenhaibuga ya Wasoga, na wa Jinja nafasi ya kuvaa njuga za Kigisu. Hata hivyo, mtafiti Sylvia Nannyonga-Tamusuza, katika kazi yake kuhusu ngoma ya baakisimba ya Buganda, ameonyesha kuwa mashindano ya shule hayaihifadhi ngoma tu, bali huiunda upya. Kinachopewa alama ndicho kinachokua. Mikono inayopanda kwa pamoja humvutia mwamuzi mara moja; namna mchezaji anavyomjibu mpiga ngoma huhitaji jicho la subira.

Katika onyesho la dakika chache, ufanano huo unavumilika. Igizo la saa mbili ni jambo jingine. Mwanafunzi anacheza, anaimba na kuzungumza, na pumzi ni ile ile. Anayeruka kwa dakika tatu kisha akatakiwa kushika sauti ndefu ataacha kimoja: ama hatua zitalegea au wimbo utakatika. Kwa kawaida lawama humwangukia mwanafunzi, kana kwamba tatizo ni mapafu yake na si mpango wa mwongozaji.

Inafaa kukumbuka kwamba hata Broadway haikuanza kwa kumtaka mtu mmoja afanye yote. Katika Oklahoma! ya mwaka 1943, mtunzi wa dansi Agnes de Mille alipofika kwenye ndoto ya mhusika mkuu, Laurey, aliwaweka wacheza dansi mahali pa waimbaji waliobeba nafasi kuu. Miaka 14 baadaye West Side Story ya Jerome Robbins ilitaka kundi lile lile liimbe, licheze na kuigiza, lakini waliofanya hivyo walikuwa wasanii wa kulipwa. Anayeiga matokeo yao kwa wanafunzi wanaofanya mazoezi baada ya vipindi huchukua sura ya kazi na kuuacha msingi wake. Ndivyo ilivyo pia kwa Renga Moi, igizo la Robert Serumaga hapa Uganda: nguvu ya miili ya waigizaji wake jukwaani ilitokana na kundi lililokuwa likifundishwa pamoja kwa kazi hiyo.

Bigwala: mpango wa kuingia

Bigwala ni mabaragumu ya vibuyu, matano au zaidi, yaliyopigwa katika shughuli za kifalme za Busoga kama vile kutawazwa na mazishi. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza muziki huo na ngoma yake katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wakati huo walikuwa wamebaki mafundi wazee wanne tu. Jambo linalotuhusu hapa ni muundo wake. Kila baragumu hutoa sauti moja. Hakuna anayepuliza wimbo mzima. Wimbo huzaliwa pale kila mmoja anapoitia sauti yake kwa wakati wake. Tena watu hawaanzi wote kwa pamoja. Huanza baragumu moja, yakafuata mengine, wakaingia waimbaji, kisha wapiga ngoma, na mwisho kabisa wachezaji.

Mwongozaji akiusoma utaratibu huo kama mpango wa jukwaa, shida ya pumzi inapungua yenyewe. Mchezaji anapoingia, wimbo tayari umeshikwa na waliosimama. Anayecheza kwa nguvu zote hadaiwi kuubeba, na katika onyesho linalofuata zamu hubadilishwa. Hatua nazo zinaweza kugawanywa kama sauti za mabaragumu. Kundi moja lipewe kukanyaga, jingine kugeuka, jingine kutikisa kiuno, kila moja likiingia kwenye pigo lake. Asiyebobea hapati tena toleo bovu la kazi ya aliyebobea. Anapata kazi ndogo iliyo kamili. Kinachotakiwa kwake ni sikio, na sikio hufundishika ndani ya muhula mmoja kwa urahisi kuliko kiuno.

Pingamizi lipo, tena la haki. Muundo huu hudhoofika watu wanapokosekana: baragumu moja likinyamaza, wimbo unatoboka. Shuleni kukosekana ni jambo la kila siku, kwa ada, kwa malaria, kwa mitihani ya watahiniwa. Dawa yake ni kumpa kila sehemu watu wawili tangu siku ya kwanza. Kwa kuwa sehemu yenyewe ni fupi, kumwandaa wa pili hakugharimu sana. Katika safu ya ufanano, mbadala hulazimika kujifunza ngoma nzima.

Kadodi: umati unaosogea

Ikiwa bigwala inafundisha mpangilio wa wakati, kadodi inafundisha mpangilio wa nafasi. Kila mwaka wa namba shufwa, msimu wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, unapofunguliwa Mutoto karibu na Mbale, wapigaji wa kadodi hutembea na ngoma zao mwilini, na umati ukawafuata: ndugu, jirani, mpita njia. Hakuna anayeulizwa kama alifanya mazoezi. Mapigo humweka mtu ndani, na mwendo wenyewe ndio ngoma. Mwongozaji mwenye wanafunzi arobaini na jukwaa la bwalo la chakula hana haja ya kuwapanga katika safu nne. Awapitishe katikati ya watazamaji, wakiongozwa na wapigaji.

Hapa pana mpaka unaopaswa kuheshimiwa. Uchezaji wa kijana anayekwenda kutahiriwa ni tamko mbele ya ukoo kwamba hatatetereka mbele ya kisu. Kumpa nafasi hiyo mwanafunzi yeyote kwa sababu inapendeza machoni ni kuivua maana. Kadodi ni tofauti, kwa kuwa Wagisu wenyewe wamekwisha kuitoa nje ya tohara na kuipeleka harusini na kwenye kampeni za siasa. Igizo linaweza kuazima msafara na kumwachia mtahiriwa kilicho chake.

Je, viwango vitashuka?

Wapo watakaosema kwamba njia hii ni kuwapunguzia wanafunzi mzigo. Kwa kweli mzigo unahamia kwa mwongozaji, ambaye lazima ajue, kabla ya zoezi la kwanza, nani anaimba wakati nani anacheza. Wachezaji hodari hawapotezi nafasi. Umahiri wao huonekana zaidi ukiwa juu ya msingi ulioshikwa na wengi. Wala si mwongozaji peke yake mwenye ujuzi: huko Kamiriithu, Kenya, mwaka 1977, wanakijiji walioigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ndio waliowasahihisha watunzi kuhusu nyimbo na ngoma. Mwanafunzi aliyekulia Namutumba au Bududa naye huenda anajua jambo ambalo mwalimu wake hajaliandika.

Hitimisho

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, uteuzi wa washiriki uanze kwa jaribio la kusikiliza, si la kuruka: nani anaweza kushika pigo lake wakati jirani ameshika jingine? Pili, waamuzi wa matamasha watenge alama za mwitikio kati ya mchezaji na mpigaji, kwani shule hufundisha kile kinachopimwa. Bila hilo la pili, mwalimu atakayefuata njia ya bigwala ataendelea kushindwa na mwenzake mwenye safu iliyonyooka, na wanafunzi wasiobobea wataendelea kusimama nyuma.