Nani Aliyeoka Biskuti Zisizookwa?

Jina la biskuti hizi lina uongo kidogo ndani yake. Biskuti zisizookwa. Ukilisikia unadhani hakuna moto wa maana uliowahi kuzigusa, kwamba zimezaliwa tu pale juu ya meko yako kwa dakika kumi, basi. Nimezipika kwa miaka mitatu sasa, nyingine nakula, nyingi nawauzia majirani. Na kadiri ninavyosoma historia yake ndivyo ninavyoona kwamba jina la haki lingekuwa hili: biskuti zilizookwa na wengine.

Tuanze na sufuria, ndiyo tuelewane. Sukari vikombe 2, maziwa nusu kikombe, siagi nusu kikombe, kakao ya unga vijiko 4 vikubwa. Vyote vinaingia pamoja, moto wa wastani, unakoroga. Subiri kutokota kwenyewe, si vile vipovu vya pembeni; kutokota ambako hata ukikoroga hakutulii. Hapo hesabu dakika moja kamili, kisha epua. Tia siagi ya njugu nusu kikombe, vanila kijiko kidogo, halafu vikombe 3 vya oti, ile nafaka bapa ya pakiti ambayo watu hupikia uji wa asubuhi. Koroga chapchap, chota kwa kijiko, panga juu ya karatasi iliyopakwa mafuta. Baada ya nusu saa hivi zimeshikana.

Siri yote iko kwenye ile dakika moja. Maji yanapungua, shira inakolea. Ukiikata mapema, hazishiki, utazila kwa kijiko kama uji. Ukiipitisha, zinakauka na kuvunjika kama mchanga.

Oveni sina. Naishi bedsita, jikoni na kitanda vimetenganishwa na pazia, na kwenye ploti yetu oveni ya stima hairuhusiwi. Hata ingeruhusiwa, tokeni zingeisha kabla keki haijaumuka. Kwa hivyo mapishi yasiyodai oveni nayachukulia kwa uzito. Ndiyo maana nilitaka kujua: nani alianza kupika hivi, na kwa nini?

Asili yake ni Marekani, na mama yake ni faji, ile peremende laini ya sukari, maziwa na chokoleti. Historia ya faji ina shahidi mmoja anayejulikana, Emelyn Battersby Hartridge, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Vassar, wakati huo chuo cha wasichana, katika jimbo la New York. Katika barua aliyoiandika miaka mingi baadaye, alieleza kwamba mwaka 1886 binamu wa rafiki yake alikuwa akipika faji mjini Baltimore, na iliuzwa senti 40 kwa ratili. Hartridge akayapata yale mapishi, na mwaka 1888 akapika ratili 30 kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kutoka hapo faji ikasambaa hadi vyuo vingine vya wasichana kama Wellesley na Smith. Walipika vyumbani mwao, juu ya taa za gesi na vijiko vidogo vya spiriti.

Hebu iwaze picha hiyo. Mwanafunzi, chumba kimoja, moto mdogo, hamu ya kitu kitamu usiku. Hawakuwa watoto wa maskini, lakini jiko la chuo halikuwa lao. Sukari ikikolea vizuri inashika yenyewe, haihitaji oveni wala ruhusa ya mtu.

Kilichobaki kuifanya faji iwe biskuti ni oti. Kwa karne nyingi oti ilikuwa chakula cha Waskoti na cha farasi wa Waingereza. Marekani ilibadilishwa kuwa biashara kubwa na watu kama Ferdinand Schumacher, mhamiaji Mjerumani aliyekuwa na vinu mjini Akron, Ohio. Mwaka 1877, kinu kingine cha Ohio, mjini Ravenna, kikasajili nembo ya Quaker. Miaka ya mwanzo ya 1920 ikaja oti ya kupikwa haraka, iliyokatwa vipande vidogo na kubanwa ikawa nyembamba zaidi.

Hapa ndipo jina letu linaanza kuporomoka. Oti hiyo hukaushwa kwa joto la tanuru kiwandani, hupitishwa kwenye mvuke, ndipo hubanwa kwa rola. Unaweza kuitia kwenye shira na kuila bila kuipika kwa sababu imeshapikwa. Oveni ipo. Ni vile tu haiko kwako.

Wako wanaosema biskuti hizi zilizaliwa na shida za Vita vya Pili vya Dunia. Mimi sishawishiki, na hesabu yenyewe ni rahisi. Serikali ya Marekani ilianza kugawa sukari kwa kipimo mwaka 1942, na mgao wa mwanzo ulikuwa nusu ratili kwa mtu kwa wiki, yaani kama gramu 227. Vikombe 2 vya sukari ni kama gramu 400. Sufuria moja ya biskuti ingemeza karibu mgao wa wiki mbili wa mtu mzima, na siagi nayo ikaingia kwenye mgao mwaka 1943. Hiki si chakula cha njaa. Kinaelekea zaidi kuwa chakula cha watu waliopata sukari ya kutosha lakini hawana muda.

Masimulizi ya milima ya Appalachia yanakubaliana na hilo. Huko huziita biskuti za mhubiri. Inasemekana mama wa nyumbani akichungulia dirishani na kumwona mhubiri anapanda kilima, alikuwa na muda wa kutosha kuinjika sufuria, na mgeni akifika mlangoni anakuta sahani tayari. Nani kati yetu hajui presha hiyo? Pasta amepiga simu yuko steji, nyumbani kuna chai ya rangi tu, na mama anakutazama kwa jicho.

Halafu kuna mabwalo ya shule. Mwaka 1946 Marekani ilipitisha sheria ya chakula cha mchana shuleni, na serikali ikawa inanunua mazao ya ziada ya wakulima na kuyapeleka jikoni za shule, siagi ya njugu ikiwemo. Wamarekani wengi wa umri wa wazazi wetu wanazikumbuka biskuti hizi kutoka huko.

Nilipomwonjesha nyanya yangu wa Mombasa, aliitazama ile biskuti, akaigeuza, akacheka. "Hii si kashata tu hii, mjukuu wangu? Ila mumeitia tope."

Na hakukosea. Kashata ya njugu ni shira iliyokolea, unatia njugu zilizokaangwa, unamwaga kwenye sinia, unakata kabla haijakauka. Ya nazi hali kadhalika, na iliki yake. Nyanya huipima shira kwa kudondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, kisha analibinya kwa vidole. Likifanya kidonge laini, tayari. Wapika faji wa Marekani hutumia kipimo hichohicho, tone na maji baridi. Nami hapa Nairobi nakiamini kuliko kipimajoto, maana kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,700 maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na shira nayo hukolea kwa joto la chini kuliko lile lililoandikwa vitabuni. Tone la maji baridi halijali uko Mombasa au Limuru.

Basi, upishi usio na oveni haukuletwa kwetu na video za simu. Mwambao wanaujua zamani. Na hata pale walipotaka kuoka, waliweka makaa chini na kupalia mengine juu ya kifuniko. Mkate wa kumimina unapikwa hivyo mpaka leo. Oveni yenyewe, ile ya chuma yenye mlango, wengi wa babu zetu bara waliijua kwa mara ya kwanza katika nyumba za walowezi. Mpishi Mwafrika alioka mikate na keki za watu mchana, jioni akarudi kwake kwenye mafiga matatu.

Ningependa kuishia hapo, niseme sisi tuna kashata na mikono yetu ni safi. Haiwezekani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani, upande wa Tanzania ya leo, yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa watu wa mwambao huuhuu. Sukari ya pwani nayo ina historia ya mijeledi. Utamu wa haraka karibu kila mahali umesimama juu ya kazi ya polepole ya mtu asiyeulizwa.

Chukua vanila, kile kijiko kidogo unachokitia mwisho. Mmea huu ulitoka Mexico, ukapelekwa kisiwa cha Réunion, hapa katika Bahari yetu ya Hindi. Ukachanua lakini haukuzaa, kwa sababu hapakuwa na mdudu wa kuchavusha ua lake. Mwaka 1841 mvulana mtumwa wa miaka 12, Edmond, alionyesha namna ya kufanya: kijiti chembamba kinainua utando ulio ndani ya ua, kidole gumba kinasukuma chavua mahali pake. Ua moja, mkono mmoja, na lazima iwe siku ileile, maana ua hufunguka siku moja tu. Utumwa ulipokomeshwa kisiwani mwaka 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Alikufa mwaka 1880, maskini. Wakulima wa Madagaska na wa Uganda bado wanachavusha vanila kwa njia yake. Baada ya kuvunwa, maganda huchovywa kwenye maji ya moto, huvundikwa, kisha huanikwa kwa wiki nyingi.

Chukua njugu. Zilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakazileta Afrika, na meli za watumwa zikazirudisha ng'ambo. Wamarekani wa kusini wana jina la mtaani la njugu, "goober", linalotokana na neno la Kibantu, nguba. Neno letu lilivuka bahari kwenye minyororo likafika jikoni kwao.

Chukua kakao. Punje zake huvundikwa siku tano hadi saba, mara nyingi chini ya majani ya mgomba, huanikwa juani, kisha hukaangwa kiwandani. Unga tunaoununua ulianza na mashine ya kukamua mafuta ya kakao ambayo familia ya Van Houten ya Amsterdam ilipata hataza yake mwaka 1828. Mwanzoni mwa karne ya 20, kakao ya kisiwa cha São Tomé ilitoka kwa vibarua waliokuwa watumwa kwa kila namna isipokuwa jina, mpaka Cadbury na wenzake walipoacha kuinunua mwaka 1909. Wakati huo wakulima wa Gold Coast, Ghana ya leo, walikuwa wakipanda miche iliyotokana na mbegu za watu kama Tetteh Quarshie, aliyeanzisha shamba lake Mampong mwaka 1879. Kufikia 1911 nchi yao ilikuwa ya kwanza duniani kwa kakao. Jirani zetu pia wanailima: Bundibugyo kule Uganda, Kyela kule Tanzania.

Machi 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, haijawahi kutokea. Mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya kwa sababu ya hali ya hewa na magonjwa ya miti. Wakulima wa huko hawakupata ile bei ya magazetini, kwa sababu serikali zao hupanga bei ya shambani mapema, kabla ya msimu. Mimi niliipata dukani, ile pakiti ndogo ya kadogo. Biskuti yangu ikapanda kutoka shilingi 20 hadi 30, na jirani mmoja akaniuliza kwenye ngazi, "Kwani siku hizi unatia dhahabu? Si unachemsha tu dakika kumi?"

Swali lake ni la haki na nimelichukua hivyo. Shilingi kumi ni nauli pungufu, ni sukumawiki ya jioni. Lakini lilinifanya nione jinsi neno "tu" linavyofuta watu. Dakika kumi tu, kama hutahesabu mwaka wa miwa shambani na kuchemshwa kwake kiwandani, kazi ambayo nchini kwetu kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kiliianza mwaka 1922. Kama hutahesabu miaka mitatu hadi mitano ambayo mkakao hukua kabla ya kuzaa, tanuru la oti, kikaango cha njugu, na kidole gumba cha mtu kwenye ua la vanila.

Jirani nilimpa moja ya bure, akanunua tatu. Bei haijashuka. Nawe ukijaribu kwako wikendi hii, injika sufuria, na ikianza kutokota usitazame simu. Hesabu mpaka sitini. Hiyo dakika moja ndiyo zamu yako. Zamu nyingine zote zimeshafanywa.