Rejimenti ya Potsdam: Sare ya heshima iliyokusudiwa kumwangamiza Hitler

MIONGONI mwa vikosi vya askari wa miguu wa Ujerumani, ni vichache vilivyoacha kumbukumbu nzito kama Rejimenti ya 9 ya Potsdam, mji ulio karibu na Berlin.

Iliundwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 ulipolipunguza jeshi la Ujerumani hadi wanajeshi 100,000. Vikosi vipya viliagizwa kuhifadhi mila za vile vilivyovunjwa. Potsdam ilirithi mila za Rejimenti ya Kwanza ya Walinzi wa Mfalme wa Prussia, yenye asili yake katika askari warefu wa Mfalme Friedrich Wilhelm I, aliyetawala kati ya 1713 na 1740.

Walinzi hao walitambulika katika gwaride kwa kofia ndefu zenye bamba la chuma mbele, na kwa mistari miwili kwenye kola. Alama hiyo ya kola, iliyokuwa fahari ya walinzi, baadaye ilivaliwa na takriban jeshi zima.

Kwa kuwa maofisa wengi walitoka katika koo za kikabaila, rejimenti ilitaniwa kwa jina la Graf Neun, yaani Kabaila Tisa.

Kiapo kilikuwa msingi wa mila hizo. Kuanzia Agosti 1934, wanajeshi waliapa kumtii Hitler mwenyewe. Hata hivyo, Oktoba 1942, ofisa kijana wa rejimenti hiyo, Axel von dem Bussche, alishuhudia maelfu ya Wayahudi wakiuawa mjini Dubno, Ukraine. Tangu siku hiyo, kiapo hakikumfunga tena.

Mwishoni mwa 1943 alijitolea kumwonyesha Hitler sare mpya za jeshi, akikusudia kumkumbatia na kujilipua pamoja naye. Sare hizo ziliteketea katika shambulio la ndege, na maonyesho yakafutwa. Bussche alirudi vitani, akapoteza mguu.

Wenzake hawakukata tamaa. Henning von Tresckow, aliyewahi kutumikia rejimenti hiyo, alikuwa mhimili wa njama ya Julai 20, 1944. Iliposhindwa, alijiua kesho yake. Fritz-Dietlof von der Schulenburg alinyongwa Agosti 10.

Bussche alinusurika, akafariki 1993. Richard von Weizsäcker, aliyepigana katika rejimenti iyo hiyo, alikuwa Rais wa Ujerumani kuanzia 1984 hadi 1994.