Kiti cha Ironhide: Safari ya Roboti Wageukao kutoka Japani hadi Marekani

Mwaka 1984, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipoanza kuuza vichezeo vyake vipya vilivyoitwa Transformers, miongoni mwao lilikuwamo gari dogo jekundu lenye umbo la basi, lililopewa jina la Ironhide. Mtoto aliyefuata maelekezo akalikunjua hatua kwa hatua alipata kiwiliwili chenye miguu na mikono, lakini kisicho na kichwa. Pale palipostahili kuwapo uso, nyuma ya kioo cha mbele, palikuwa na kiti cha dereva, na juu ya kiti hicho ilibandikwa karatasi ndogo yenye picha ya sura.

Aliyekiona kichezeo hicho peke yake angedhani ni kosa la fundi. Halikuwa kosa. Kiti kile kilikuwa mabaki ya maisha ya awali, kwani Ironhide alibuniwa Japani awe chombo cha kuendeshwa na mtu, si mtu mwenyewe. Historia ya roboti hawa ni historia ya chombo kilivyotiwa nafsi, na ya wenye mali waliodhani kwamba nafsi hiyo yaweza kuondolewa dukani pamoja na bidhaa iliyopitwa na wakati.

Chimbuko lake ni safari ya kwenda na kurudi baharini. Mwaka 1964 Hasbro ilitoa G.I. Joe, mwanasesere wa askari mwenye viungo vinavyopinda. Kampuni ya Takara ya Tokyo ilipata idhini ya kumuuza Japani, na mwaka 1972 ikautumia mwili wake kuunda Henshin Cyborg, mtu nusu mashine mwenye mwili angavu unaoonyesha sehemu za ndani. Neno henshin kwa Kijapani ni kubadilika umbo. Mwaka 1974 akafuata Microman, mwenye kimo cha sentimita 10 hivi. Na mwaka 1980 ukaja mfululizo wa Diaclone, ambao watu wake walikuwa wadogo zaidi, wenye sumaku nyayoni ili wasimame juu ya mashine zao za chuma.

Hapo ndipo ufundi ulipokolea. Mwaka 1982 Diaclone ilitoa magari yanayogeuka roboti, yaliyoigwa kwa uaminifu kutokana na magari halisi ya barabarani. Mwaka uliofuata, ndugu zao wa Micro Change wakaja kwa umbo la vyombo vya nyumbani: redio ya kaseti, kamera, hadubini, hata bastola. Wabunifu kama Kojin Ohno na Shoji Kawamori walijiwekea sharti gumu, kwamba kila kipande kifanye kazi mbili kadiri iwezekanavyo. Boneti ya gari igeuke kifua, milango iwe mabawa, na upande wa nyuma uwe miguu ya kusimamia. Ni sharti linalofanana na lile la mtunzi wa mafumbo, ambaye neno lake moja hubeba maana ya dhahiri na maana ya batini, na zote mbili zikakubali mizani.

Kurudi kwa chombo hicho Marekani kulisukumwa na mtu mmoja aliyejua thamani ya kujigeuza. Henry Orenstein alizaliwa mwaka 1923 huko Hrubieszów, Poland, katika familia ya Kiyahudi. Wanazi waliwaua wazazi wake, naye akapitishwa katika kambi tano za mateso. Katika mojawapo, Wajerumani walipotafuta wanasayansi miongoni mwa wafungwa, alijiandikisha yeye na ndugu zake ilhali hawakuwa na ujuzi huo, na hila hiyo ikachangia kumwokoa. Alihamia Marekani mwaka 1947, akawa mvumbuzi na mfanyabiashara wa vichezeo. Alipoviona vichezeo vya Takara mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliishawishi Hasbro kufanya mkataba na Wajapani hao. Orenstein alifariki mwaka 2021.

Hasbro ilinunua umbo, lakini haikununua hadithi. Wale watu wadogo wa Diaclone waliachwa Japani, na viti vyao vikabaki wazi. Nani basi ataiendesha mashine? Jibu lilitoka katika kampuni ya Marvel, iliyopewa kazi ya kubuni kisa: mashine hizi haziendeshwi na yeyote, kwa kuwa zenyewe ni viumbe hai kutoka sayari ya Cybertron, waliogawanyika makundi mawili, Autobots na Decepticons, na wanaojificha duniani kwa sura za magari na vyombo. Jim Shooter aliandika mhtasari wa kisa; Denny O'Neil akampa kiongozi wa Autobots jina la Optimus Prime; naye Bob Budiansky akatoa majina mengi ya waliosalia, likiwamo la Megatron, adui mkuu.

Kazi ya Budiansky haikuishia kwenye majina. Nyuma ya kila sanduku palichapwa wasifu mfupi wa roboti: tabia yake, nguvu yake, na udhaifu wake. Alama za uwezo wake, kama akili, kasi na ujasiri, zilifichwa ndani ya mchoro mwekundu, zikasomeka tu kwa kipande cha plastiki chekundu kilichowekwa sandukuni. Mwaka 1985 ikaongezwa alama ya kuthibitisha uhalisi dhidi ya bidhaa za kughushi: kibandiko cheusi kilichofichua nembo ya kundi kiliposuguliwa kwa kidole chenye joto. Hivyo mtoto hakukabidhiwa plastiki na chuma pekee. Alikabidhiwa mtu mwenye woga na kiburi, ambaye siri zake zilihitaji jicho na mkono wake ili zionekane.

Biashara hiyo ilipata upepo mwema. Katika mwaka uo huo wa 1984, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliondoa mipaka ya muda wa matangazo katika televisheni, na mfululizo wa katuni ukaanza kuonyeshwa mwezi Septemba. Wakosoaji waliuona kuwa tangazo refu lililovaa vazi la hadithi, na hawakukosea. Hata hivyo, hadithi ikisimuliwa vizuri haimtii sana aliyeilipia.

Ushahidi ulikuja Agosti 1986, filamu ya katuni ilipotolewa sinemani. Hasbro ilitaka kupisha bidhaa za mwaka mpya, na waandishi wakaagizwa kuwaondoa wale wa zamani. Ironhide aliuawa mapema. Optimus Prime naye akafa mbele ya hadhira ya watoto, mwili wake ukipoteza rangi. Kwenye daftari la mauzo hilo lilikuwa jambo dogo, mfano uliokwisha kuuzwa. Katika kumbi za sinema watoto walilia, na barua za malalamiko zikafuata. Mwaka 1987 Optimus Prime akafufuliwa katika katuni. Filamu ya G.I. Joe iliyotoka mwaka huohuo nayo ikarekebishwa: shujaa Duke, aliyekusudiwa kufa, akaachwa amezimia tu.

Miaka iliyofuata ilibadili mengi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilitaka bastola za kuchezea ziwe na alama ya wazi, hivyo Megatron, aliyekuwa bastola inayofanana mno na ya kweli, akarudi mwaka 1993 akiwa kifaru. Mwaka 2003 Takara ilianzisha mfululizo wa Masterpiece kwa ajili ya watu wazima waliokuwa watoto miaka ile, na mwaka 2006 ikaungana na kampuni ya Tomy. Wakusanyaji wakagawanyika: wapo wanaothamini sanduku lisilofunguliwa, ambalo roboti wake hajapata kugeuka hata mara moja, na wapo wanaothamini yule aliyechakaa kwa mikono ya utotoni, viungo vimelegea na vibandiko vimechanika.

Mwaka 2015 Ironhide aliingia katika mfululizo wa Masterpiece, safari hii akiwa na kichwa kamili kama alivyoonekana katika katuni. Mwaka uliofuata Takara Tomy ikaifufua Diaclone, na watu wadogo wakarudi kukaa katika viti vya mashine zao. Kila upande ukapata kilichokuwa chake. Lakini gari jekundu la mwaka 1984 bado linatafutwa na wakusanyaji, pamoja na kile kiti chake kisicho na dereva na ile karatasi iliyobandikwa juu yake, ambayo kwa watoto wengi ilitosha kabisa kuwa uso.