Kupe wa Lyme na Daftari la Mama

Wazee wetu hawakumwita kila mdudu mnyonya damu kwa jina moja. Yule agandaye sikioni mwa ng'ombe au shingoni mwa mbwa, akanyonya hata akavimba mfano wa punje ya kunde, ni kupe. Na yule akaaye ndani ya nyumba, katika nyufa za kiambaza na vumbi la sakafu, mchana amejificha na usiku hutoka kumtafuta aliyelala, huyo ni papasi, na maradhi yake yakaitwa kwa jina lake, homa ya papasi. Tofauti hiyo, ambayo mpagazi wa msafara aliijua bila ya kufungua kitabu, matabibu wa Ulaya waliifikia baada ya taabu nyingi. Na mmoja katika wale waliosomea elimu yao kwa papasi wetu ndiye aliyekuja kufumbua, miaka mingi baadaye na mbali sana na Ugogo, fumbo la maradhi yaliyokuwa yakiwavimbisha magoti watoto wa mji mdogo wa Marekani uitwao Lyme. Historia ya maradhi hayo ndiyo niikusudiayo, nami naianzia huku kwetu kwa kuwa sehemu yake moja kubwa ilianzia huku.

Katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo ikapita Ugogo na Tabora hata Ujiji, kambi zilikuwa zile zile mwaka hata mwaka. Msafara uliolala leo uliondoka alfajiri, na jioni ukaingia mwingine, watu wakatandika mikeka pale pale walipolala wenzao. Na papasi, ambaye aweza kukaa miezi mingi bila ya kula, aliwangoja. Hunyonya kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi katika ufa wake, hata aliyeumwa huamka asijue kilichompata isipokuwa mwasho mdogo. Siku chache baadaye homa humshika kwa nguvu, humwacha kana kwamba amepona, kisha humrudia, na tena humrudia. Mwaka 1904, huko Uganda, matabibu Ross na Milne walitoa hoja kwamba homa hiyo huletwa na papasi. Mwaka uliofuata matabibu wengine, Dutton na Todd, walilihakikisha jambo hilo katika Kongo ya mashariki, nao wote wawili wakaugua katika kazi ile ile, na Dutton akafa huko Kasongo mwezi wa Februari, 1905, naye ana umri wa miaka 28. Mwaka huo huo Robert Koch wa Ujerumani, akiwachunguza papasi wa Tanganyika, alivikuta vijidudu vya homa, vyembamba na vyenye kujipinda kama nyuzi, hata ndani ya mayai ya papasi, ikadhihirika kwamba mama papasi huwarithisha wanawe maradhi kabla hawajaanguliwa.

Ilionekana pia kwamba wenyeji wa mahali penye papasi, wakisha kuwa watu wazima, hawakuugua sana kama walivyougua wageni. Wengi walilisoma jambo hilo wakalipita; kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, kwa sababu maana yake ni kwamba gharama ilikwisha kulipwa utotoni. Nguvu ya mtu mzima ilinunuliwa kwa homa za watoto, na waliofia katika mikeka ya mama zao hapana aliyewahesabu. Sehemu za Dodoma, homa ya papasi iliendelea kuwaua watoto wachanga na kuwaharibia mimba mama zao hata mwishoni mwa karne ya 20.

Sasa na tuvuke bahari. Mwaka 1943, katika mji wa Basel, Uswisi, kilianzishwa chuo cha maradhi ya nchi za joto chini ya Rudolf Geigy, mtu ambaye tangu mwaka 1949 alikuwa akija Ifakara, Tanganyika, na ambaye papasi wa Afrika ya Mashariki walikuwa katika mambo aliyoyashughulikia sana. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana wa mji ule ule, Willy Burgdorfer, aliyezaliwa mwaka 1925. Kazi aliyopewa ilikuwa kuufuata mwendo wa vijidudu vya homa ya papasi tangu vinapoingia tumboni mwa papasi pamoja na damu hata vinapotoka kumwingia mtu mwingine. Ilikuwa kazi ya kupasua vidudu vidogo chini ya hadubini mchana kutwa, ambayo humfundisha mtu macho na subira. Mwaka 1951 alihamia Hamilton, katika jimbo la Montana, kwenye maabara ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikichunguza maradhi ya kupe.

Lyme ni mji wa Connecticut ulio karibu na mahali mto Connecticut unapoingia baharini, nao umeitwa kwa jina la Lyme Regis ya Uingereza. Ni mahali pazuri, penye nyumba za mbao zilizotengana, bustani zinazopakana na msitu, na njia ambazo watoto huzipita kwa baiskeli majira ya joto. Huko aliishi Polly Murray, mwanamke mchoraji, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mingi alisumbuliwa na homa, upele, uchovu na maumivu ya viungo, na baada yake mumewe na watoto wake nao wakapatwa. Alikwenda kwa tabibu huyu na yule. Wengine hawakuona kitu, na wengine walimfahamisha, kwa maneno ya adabu, kwamba ugonjwa wake huenda umo akilini mwake. Walakini mama huyo hakunyamaza wala hakubishana nao, aliandika. Aliandika goti lililovimba na siku lilipovimba, upele na mahali ulipotokea, na alipozungumza na majirani akakuta kwamba kwao nako wamo watoto wenye magongo, akaandika na hao. Matabibu walikuwa wakimtazama mtoto mmoja mmoja, kila mmoja katika chumba chake, wakasema ni baridi yabisi ya watoto. Yeye aliwatazama wote pamoja katika ukurasa mmoja, na ukurasa ule ukasema jambo ambalo hapana chumba kilichoweza kulisema, yaani kwamba baridi yabisi haiambukizi, na hapa watoto wa njia moja wanaugua kwa pamoja.

Mwezi wa Oktoba, 1975, alipiga simu katika idara ya afya ya jimbo, na mama mwingine wa jirani, ambaye bintiye aliambiwa ana maradhi hayo hayo, naye akafanya vivyo hivyo bila ya kungoja. Kwa bahati njema aliyezipokea habari hizo, David Snydman, alizisikiliza, akampasha Allen Steere, tabibu kijana aliyekuwa ameingia karibuni Chuo Kikuu cha Yale kujifunza maradhi ya viungo, na aliyekuwa na mazoea ya kazi ya kufuatia miripuko ya maradhi. Murray alipomwendea Steere alikwenda na majina ya wagonjwa yameandikwa. Kutokana na mwanzo huo, katika miji mitatu iliyopakana, Lyme, Old Lyme na East Haddam, walipatikana wagonjwa 51, na 39 kati yao walikuwa watoto. Na katika njia nne za mashambani, mtoto 1 katika kila 10 alikuwa mgonjwa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1977.

Kilichofuata kilikuwa kama kazi ya kadhi mwenye kukusanya ushahidi. Wengi waliugua majira ya joto na mwanzo wa vuli. Walikaa karibu na msitu. Watoto wa nyumba moja waliugua miaka mbalimbali, kwa hiyo hawakuambukizana. Robo ya wagonjwa walikumbuka kwamba kabla ya goti kuvimba waliona kipele chekundu kilichopanuka kikawa duara, na kwa wengine duara hilo lilifika upana wa sentimita 50. Upande wa mashariki wa mto maradhi yalikuwa mengi kuliko magharibi, na kupe nao vivyo hivyo. Mgonjwa mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa elimu ya viumbe, alimhifadhi kupe aliyemuuma badala ya kumponda, akampeleka kwa matabibu, na kupe huyo akatambulikana aina yake. Ama duara lile jekundu, halikuwa geni ulimwenguni: mwaka 1909 huko Stockholm tabibu Arvid Afzelius aliwahadithia wenziwe habari za duara kama hilo lililotokea baada ya kuumwa na kupe, na kwa miaka mingi matabibu wengi wa Ulaya walilitibu wakilihesabu kuwa ni jambo la ngozi tu.

Kijidudu chenyewe kilibaki hakijulikani hata mwaka 1981. Mwaka huo Burgdorfer, ambaye sasa nywele zimeanza mvi, aliletewa kupe kutoka Shelter Island, katika jimbo la New York, akitafuta ndani yao maradhi mengine kabisa. Alipowapasua, akaona matumboni mwao vitu vyembamba, virefu, vyenye kujipinda. Mtu mwingine angeweza kuviona asijue aonacho. Yeye alikuwa amewatazama jamaa zavyo miaka 30 kabla ya hapo, ndani ya papasi wa Afrika, katika chumba cha masomo huko Basel. Kupe 77 kati ya 126 walikuwa navyo, na damu ya wagonjwa wa Lyme ilionyesha kwamba imekwisha kupambana navyo. Habari zilitangazwa mwaka 1982, na mwaka 1984 kijidudu kikaitwa Borrelia burgdorferi, kwa jina lake. Ndugu yake wa papasi aliitwa Borrelia duttonii, kwa jina la yule kijana aliyezikwa Kongo.

Watu huuliza iwapo maradhi haya ni mapya. Si mapya: alama zilizodhaniwa kuwa za kijidudu hicho zimepatikana katika maiti ya mtu aliyekufa milimani Ulaya yapata miaka 5,300 iliyopita. Kilicho kipya ni makao ya watu. Walowezi wa New England walikata misitu wakalima, wakawawinda kulungu karibu kuwamaliza. Baadaye wajukuu wao wakahamia magharibi kwenye ardhi bora na kuingia mijini, mashamba yakaachwa, msitu ukarudi. Hata leo mwenye kutembea ndani ya misitu ile hukuta kuta za mawe zilizokuwa mipaka ya mashamba, sasa zimesimama pasipo shamba, na ndani ya mawe hayo wanakaa panya wa miguu myeupe, ambao damu yao ndiyo hazina ya kijidudu hicho. Kulungu wakarudi na msitu, na kupe wakarudi na kulungu. Kisha watu wakajenga nyumba na shule pale pale, kwenye ukingo wa msitu, wakitafutia watoto wao hewa safi.

Basi mtoto na kupe hukutana ukingoni, mpira unapobingirika nje ya uwanja ukaingia katika majani makavu na mtoto akaufuata kwa magoti na mikono. Kwa sababu hiyo shule zenye busara za nchi ile hukata majani mafupi, hutandaza ukanda wa kokoto au vipande vya mbao wenye upana wa takriban mita 1 baina ya uwanja na msitu, na huwazuia watoto kukalia zile kuta za mawe. Mtoto aendaye msituni huvishwa suruali iliyotiwa ndani ya soksi, na nguo za rangi nyepesi ili mdudu aonekane. Hayo yote ni mema, lakini hayatoshi, kwani kupe mchanga, ambaye ndiye mwenye kuambukiza zaidi tangu mwezi wa Mei hata Julai, hazidi punje ya mbegu ya mchicha.

Linalobaki ni kazi ya mikono. Mtoto arudipo husimama bafuni, na mamaye au babaye humpitishia vidole polepole: nyuma ya masikio, katika mizizi ya nywele, kwapani, kitovuni, kiunoni palipobana mshipi, na nyuma ya magoti, mahali ambapo ngozi ni laini na jasho halikauki. Akiguswa mdudu, hubanwa kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, akavutwa kwa unyofu bila ya kusokotwa. Asimwagiwe mafuta ya taa wala asichomwe moto, kama wengi wetu tulivyoona kwa wazee. Kwa kawaida kijidudu huhitaji zaidi ya siku moja ya kunyonya kabla hakijapita, na kwa sababu hiyo mkono wa jioni huweza kuwahi.

Mwaka 1998 chanjo iliruhusiwa Marekani, lakini kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 70 tu, ilhali watoto wa miaka 5 hadi 9 ni miongoni mwa wanaopatwa zaidi. Na mwaka 2002 chanjo hiyo ikaondolewa sokoni kwa kukosa wanunuzi, baada ya hofu ambazo uchunguzi haukuzithibitisha. Sioni kwamba watoto walitendewa insafu katika jambo hilo. Maradhi yaliyojulikana kwa magoti yao yalipata kinga ambayo wao hawakuwekewa fungu, kisha hata kinga hiyo ikaachwa.

Wako leo wazazi wengi wasemao Kiswahili, watokao Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambao watoto wao wanasoma katika majimbo hayo ya misitu, Connecticut, Maine na New York, na wengi wao huenda wanamjua kupe kwa ng'ombe tu. Kwao natoa ombi. Mkiliona duara jekundu kwenye ngozi ya mtoto, hata kama haliumi, hata kama mtoto hakumbuki kuumwa, msingoje goti livimbe. Dawa zipo, nazo zikitolewa mapema huponya watoto walio wengi. Mwambieni tabibu mahali alipocheza. Akisema si kitu, fanyeni kama yule mama: chukueni daftari, na andikeni tarehe.